Kumbukumbu za Mazoea: Maisha ya Kila Siku ya Kaaga ya Zamani na Nafasi Yake katika Fasihi Simulizi

Utangulizi

Kaaga ni kitongoji kilicho mwendo mfupi kutoka mjini Meru, kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya. Wasomaji wengi wa jarida hili wanakifahamu kwa shule zake na kwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichoanzishwa huko mwaka 1997 na kupewa hati mwaka 2006. Kabla ya chuo palikuwa na misheni ya Kimethodisti iliyofunguliwa mwaka 1912, na kabla ya misheni palikuwa na miji ya Waimenti, mashamba yao na msitu. Jina lenyewe aghalabu hufafanuliwa kuwa lina maana ya mahali pa waganga, na sikio la mwanafunzi wa Kiswahili halishindwi kulisikia neno la Kimeru likipiga hodi kwenye mzizi wa -ganga. Inasimuliwa kwamba wazee waliwaachia wageni wa misheni mahali hapo kwa sababu palikuwa pakiogopwa, wakitaraji kwamba nguvu za mahali zingewashinda. Masimulizi hayo yanapendwa sana. Yana wahusika, yana hila, yana mgogoro na yana mwisho.

Makala haya hayahusu masimulizi ya aina hiyo. Yanahusu yale ambayo wazee huyasema baada ya kumaliza kisa, wakati msikilizaji amekwisha kufunga daftari lake: maji yalitekwa wapi, nani alitangulia kuamka, kuni zilibebwaje, watoto walilala upande gani wa nyumba, uji ulipoa ndani ya chombo gani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba masimulizi haya ya maisha ya kila siku si mabaki ya hadithi wala si utangulizi wake. Yana umbo lake na hata sarufi yake. Uainishaji wa fasihi simulizi unaotumiwa katika vyuo vyetu umeyaacha bila makao kwa sababu moja tu: hayana tukio.

Kumbukumbu bila tukio

Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi amepitia mgawanyo wa Mulokozi (1996), ambamo utanzu wa masimulizi unagawanywa katika hadithi kwa upande mmoja na salua kwa upande wa pili. Salua ni masimulizi yanayochukuliwa kuwa ya kweli au ya kihistoria, na humo huwekwa visakale, mapisi, tarihi, kumbukumbu na visasili. Kumbukumbu kwa kawaida hufafanuliwa kuwa masimulizi ya matukio muhimu ya mtu au ya jamii ambayo msimulizi mwenyewe aliyashiriki au aliyashuhudia. Mgawanyo huu umewafaa watafiti wengi, na si nia ya makala haya kuubomoa. Hata hivyo, neno "matukio" ndani ya fasili hiyo lafaa litazamwe kwa makini.

Tukio ni jambo lililotokea mara moja, au mara chache zinazohesabika. Vita ni tukio, njaa ni tukio, kufika kwa mzungu ni tukio. Je, kuteka maji ni tukio? Mwanamke aliyezaliwa Kaaga katika miaka ya 1930 huenda aliteremka mtoni maelfu ya mara kabla ya kuolewa. Hakuna hata mara moja kati ya hizo ambayo yeye mwenyewe angeiita muhimu, ila pale alipoanguka na kuvunja chombo au pale alipokutana na chui. Ndipo hapo tu mtafiti huinua kalamu. Zile mara nyingine zote, ambazo ndizo zilizokuwa maisha yake, hazina pa kuandikwa katika jedwali la tanzu.

Mtu aweza kupinga kwamba mambo hayo ni ya wanaanthropolojia, si ya wanafasihi. Pingamizi hili lina uzito kidogo, lakini halisimami linapopimwa kwa lugha yenyewe ya masimulizi.

Sarufi ya mazoea

Hadithi ya Kiswahili hutembea kwa -li- na -ka-. Kiambishi cha kwanza hufungua mlango, cha pili huingiza vitendo kimoja baada ya kingine: alitoka, akaenda, akaona, akarudi. Kumbukumbu ya maisha ya kila siku haitembei hivyo. Chukua kifungu kama hiki, kilichobuniwa kwa ajili ya uchambuzi:

"Tulikuwa tukiteremka mtoni kabla jua halijatoka, wakubwa mbele, wadogo nyuma, kila mmoja na kibuyu chake. Tulikuwa tukijaza, tunapumzika kidogo, tunapanda. Mama alikuwa akitungoja na moto umekwisha kuwaka."

Hapa -ka- haina kazi. Hakuna kinachofuata kingine kwa maana ya kisa. Kila siku imerundikwa juu ya siku nyingine hadi zote zikawa siku moja. Msimulizi hasimulii asubuhi fulani, anasimulia asubuhi. Wakati wa kihadithi umesimama, lakini vitendo vinaendelea. Mara tu msimulizi anaposema "siku moja tukamkuta...", kiambishi hubadilika na utanzu nao hubadilika, kumbukumbu ya mazoea imekatizwa na kisa. Badiliko hilo dogo la kiambishi ni alama inayoweza kusikika, kurekodiwa na kuhesabiwa, na kwa hiyo ni kigezo cha kifasihi hasa.

Kiswahili kina njia nyingine ya kueleza mazoea, nayo ni kiambishi hu-. Tofauti kati ya njia hizi mbili ina athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kiambishi hu- hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakionyeshi wakati. Mtu akisema "wasichana huteka maji", hatujui ni lini, na msimulizi mwenyewe hayumo. Akisema "tulikuwa tukiteka maji", yumo, na jambo lenyewe limekwisha kupita. Maandishi ya desturi aghalabu yameegemea njia ya kwanza. Ndiyo sababu vitabu vya mila huonekana kana kwamba vinazungumzia watu wasiozeeka wala kufa: Wameru huoa hivi, huzika hivi, hulima hivi. Mzee anayekumbuka hasemi hivyo. Anasema tulikuwa, na ndani ya neno hilo mna kukiri kwamba hatuko tena. Mtafiti anayeyageuza maneno yake kuwa hu- anapoandika ripoti ameondoa mtu na ameondoa wakati, ingawa huenda akafikiri kwamba amerekebisha mtindo tu.

Zamani ipi?

Neno "zamani" kinywani mwa mzee wa Kaaga halina kina kimoja. Yapo matabaka kadhaa, na kuyachanganya ndilo kosa linaloonekana mara nyingi katika kazi za nyanjani za wanafunzi.

Tabaka la chini kabisa ni la kabla ya utawala wa Waingereza. Huko ndiko iliko gaaru, nyumba kubwa ya vijana wapiganaji, ambamo kijana aliingia baada ya kutahiriwa na kuondoka alipooa. Huko ndiko yaliko mashambulizi ya kuteka ng'ombe kati ya tuta na tuta. Mwaka 1908 Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, yaani mtembezi mdogo, alifungua boma la serikali lililokuja kuwa mji wa Meru, na mashambulizi yakakomeshwa. Mtu aliyeingia gaaru akiwa mpiganaji halisi hakuweza kuwa hai kupita miongo michache baada ya katikati ya karne ya ishirini. Jeffrey Fadiman, aliyefanya utafiti wake Meru mwaka 1969 na 1970, aliwawahi wa mwisho wao. Kwake yeye yale yalikuwa kumbukumbu. Kwa mtafiti wa leo maneno yale yale, hata yakisemwa na mzee wa miaka tisini, ni mapokeo aliyosimuliwa na babu yake. Mpaka kati ya kumbukumbu na mapisi, basi, si mpaka wa maudhui. Unasogea kwa kila mazishi.

Tabaka la pili ni la misheni. Kanisa la Kimethodisti lilikuwa limeanza kazi yake pwani, huko Ribe, mwaka 1862, na lilipofika Kaaga lilileta mpangilio mwingine wa siku. Masimulizi ya tabaka hili yamejaa vitu: sabuni, chai, sukari, shati, taa ya mafuta, meza. Ni muhimu kwa Kiswahili kwamba mengi ya maneno haya yaliingia Kimeru yakipitia lugha hii, kwa hiyo historia ya jikoni na historia ya msamiati ni historia moja. Uji uliochachuka, ucuru, ulikuwa chakula cha asubuhi na cha njiani. Chai ilipoingia haikuufukuza mara moja, bali iliupokonya mgeni kwanza. Mgeni wa heshima alianza kupewa chai, wenyeji wakaendelea na uji. Wiki ya siku saba nayo ilileta Jumapili, siku ambayo mtu aliweza kutambuliwa kwa alichovaa ameelekea upande gani.

Tabaka hili ndilo lililowahi kuacha ushahidi hata katika vitendawili vyetu. Kitendawili kinachojulikana kote, cha mzungu aliyetoka Ulaya na mkono kiunoni, jibu lake likiwa kikombe, hakikuweza kutegwa kabla kikombe chenye mkono hakijafika nyumbani mwa mtu wa kawaida. Kitendawili ni ghala la vitu vya kila siku, na hufa kwa njia ya pekee: maneno hubaki, jibu likapotea, kwa kuwa mtoto hajapata kukiona kitu chenyewe.

Tabaka la tatu ni la kahawa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewahifadhia walowezi zao hilo, iliruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulilima kwa majaribio. Kahawa kwa kawaida huelezwa katika vitabu kwa habari za bei na vyama vya ushirika. Katika kumbukumbu za mazoea huja kwa sura nyingine kabisa: vidole vilivyonata, kuchagua buni mbivu na mbichi hadi giza, na fedha zilizolipwa kwa jina la mwenye shamba wakati waliochuma walikuwa wake na watoto. Malalamiko hayo hayasemwi kama malalamiko. Yamo ndani ya "tulikuwa tukichuma", na msikilizaji makini huyasikia.

La mwisho ni la Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 watu wa Kikuyu, Embu na Meru walilazimishwa kuacha miji yao iliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa. Hapa nadharia ya tukio hupata taabu ya ajabu. Hali ya Hatari ni tukio kubwa kuliko yote katika vitabu vya historia ya eneo hili, lakini walioishi ndani ya vijiji vile hulisimulia aghalabu kwa sarufi ya mazoea: tulikuwa tukiamshwa, tulikuwa tukichimba, tulikuwa tukiruhusiwa kwenda shambani saa fulani na kurudi saa fulani. Kwao halikuwa tukio. Ilikuwa ratiba. Yule anayewauliza "ni nini kilitokea?" hupata jibu fupi. Anayeuliza "siku ilikuwa ikipitaje?" huenda akakaa hadi jioni.

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1954 leo amepita tisini.

Nani aliulizwa, na kuhusu nini

Wameru si jamii iliyosahauliwa na wasomi. W. H. Laughton aliandika kitabu kidogo juu yao mwaka 1944. Bernardo Bernardi, padri wa Konsolata, alichapisha mwaka 1959 utafiti wake juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini mwenye baraka. Fadiman alitoa vitabu kadhaa, kikubwa kikiwa cha mwaka 1993. Juu ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee ambalo kiti chake ni Nchiru, pameandikwa mengi na kusemwa mengi zaidi. Anayesoma kazi hizi kwa pamoja hutoka akijua vyema jinsi Wameru walivyopigana, walivyohukumiana na walivyobarikiwa.

Jinsi walivyokula hatajua kwa kiasi hicho. Si kwamba watafiti hawa hawakuwa hodari. Waliuliza juu ya ofisi na vita, na wenye ofisi na vita walikuwa wanaume. Wazee wa Fadiman walikuwa aghalabu wanaume, na hilo lilikuwa jambo la lazima kwa maswali aliyokuwa nayo. Lakini tazama mpangilio wa mji wa Kimeru wa zamani. Kijana alihamia gaaru. Baba alikuwa na mabaraza yake. Nyumba, yaani nyomba, ilikuwa ya mke: mafiga yalikuwa yake, akiba ya chakula ilikuwa yake, na watoto wadogo na mbuzi walilala chini ya ulinzi wake. Moto wa jikoni, mahali paitwapo riiko, haukuachwa uzimike; makaa yalifukiwa majivu usiku na kupulizwa alfajiri, na uliozimika uliombwa kwa jirani. Mwanamume mpiganaji aliyehojiwa uzeeni angeweza kueleza nini juu ya kufukia makaa? Alikwisha kuondoka nyumbani mle akiwa kijana.

Kuna wawili wanaostahili kutengwa na hukumu hiyo. Wa kwanza ni Mary Holding, mmisionari wa Kimethodisti aliyefanya kazi Meru, ambaye mwaka 1942 alichapisha makala juu ya taasisi za wanawake na kanisa. Holding alitambua kwamba wanawake walikuwa na marika yao, mabaraza yao na mamlaka yao, jambo ambalo wenzake wengi walipita kando yake wakienda kumtafuta mzee. Wa pili ni Lynn Thomas, mwanahistoria, aliyewahoji wanawake wengi wa Meru katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu mwaka 2003. Kutokana na kazi yake dunia ya wasomi ilijua habari za Ngaitana. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa ushawishi wa maofisa wa serikali, ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi wakajibu kwa kujitahiri wao kwa wao. Ngaitana maana yake ni "nitajitahiri mwenyewe", na neno hilo likawa jina la rika zima.

Hakuna anayeweza kusema kwamba habari za Ngaitana si muhimu. Hata hivyo, jambo moja lapasa kusemwa hata kama linaonekana la kuudhi: pale wanawake walipoulizwa hatimaye, waliulizwa juu ya tukio. Wasichana wale wa 1956 walikuwa na miaka kumi na zaidi ya kuteka maji kabla ya siku hiyo, na miaka mingi baadaye ya kupalilia, kuchuma, kusaga, kubeba. Wembe uliwaingiza katika historia kwa wiki chache. Kibuyu, walichokibeba maisha yao yote, hakikuwaingiza popote.

Hati ya M'Inoti na neno "tabia"

Katika orodha hii ya waandishi limeachwa kwa makusudi jina moja, kwa kuwa linawahusu wasomaji wa jarida hili kuliko mengine yote. Filipo M'Inoti alikuwa miongoni mwa Wameru wa kwanza waliolelewa na misheni ya Kimethodisti wakawa wahubiri, na baadaye kasisi. Takriban mwaka 1930 aliandika hati aliyoiita "Asili ya Wameru na Tabia Zao". Watafiti wa baadaye, akiwemo Fadiman, wameitumia na kuitaja. Ni ya mwanzo kabisa miongoni mwa kazi ndefu zilizoandikwa na Mmeru juu ya Wameru. Nayo iliandikwa kwa Kiswahili.

Lafaa hilo lisipitwe haraka. M'Inoti alikuwa na Kimeru, lugha ya mama yake. Walezi wake walikuwa Waingereza. Alipotaka kuwaeleza watu wake kwa maandishi alichagua lugha ya tatu. Yamkini alitaka kusomwa na Waafrika wenzake wa makabila mengine; yamkini Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya shule na ofisi aliyoizoea kwa kalamu. Vyovyote iwavyo, kazi yake inaingia katika ukoo unaofahamika. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa na Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903. Baadaye Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ilihimiza watu wa bara kuandika masimulizi na desturi zao. Kuna mkondo mzima wa nathari ya Kiswahili uliojengwa juu ya swali la "watu wetu wanaishije?", na wanafunzi wa fasihi hufundishwa kidogo mno juu yake, kwa kuwa si riwaya wala si ushairi.

Neno "tabia" katika anwani ya M'Inoti nalo linavutia. Leo mtu akisema "tabia ya mtu fulani" aghalabu anakusudia mwenendo, mara nyingi kwa kulaumu. Kazi kama hiyo ikiandikwa sasa ingeitwa "mila na desturi". Lakini mila hudokeza amri, na desturi hudokeza sherehe. Tabia iko karibu zaidi na jambo lifanywalo bila kufikiriwa, yaani mazoea yenyewe. Tukihitaji istilahi ya Kiswahili kwa masimulizi yanayozungumziwa hapa, hatuna haja ya kwenda mbali.

Mifano miwili ya kulinganisha

Kwamba maisha yasiyo na tukio yaweza kuwa fasihi ya hali ya juu kumekwisha kuthibitishwa na Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili ikachapishwa katika miaka ya mwanzo ya 1980. Wahakiki waliotafuta mgogoro ndani yake waliona kisa chembamba: mume na mke wanatafuta mtoto. Wengine walilalamika kwamba mwandishi anasimama mno kueleza jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi ugonjwa unavyotibiwa, jinsi mgeni anavyopokewa. Lalamiko hilo linaisoma kazi kinyumenyume. Kisa kile chembamba ndicho uzi. Mazoea ndiyo ushanga.

Mfano wa pili unatoka mbali, katika mabonde ya machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa Wales. Migodi ilipoanza kufungwa kwa wingi, wanahistoria wa huko walitambua kwamba vitabu vilikuwa na migomo na maafa tu. Mradi wa kukusanya kumbukumbu za wachimbaji na jamaa zao ulifanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 ikafunguliwa maktaba ya wachimbaji mjini Swansea. Kinachokumbukwa sana na watu wa mabonde yale ni beseni la bati mbele ya moto, ambamo mchimbaji aliogea arudipo kazini, na mwanamke aliyeyachemsha maji yale. Aliyechemsha maji hakuwahi kugoma, wala jina lake halimo katika taarifa za ajali. Bila beseni, hata hivyo, habari za mgodi zimekatwa nusu. Kati ya tuta la Imenti na bonde la Wales hakuna undugu wowote ila huo wa aliyeteka maji na kuyapasha moto.

Namna ya kuuliza

Kutokana na yaliyosemwa, swali la mtafiti lina nguvu ya kuamua utanzu wa jibu. Swali la "nini kilitokea?" huzaa -li- na -ka-. Swali la "mlikuwa mkifanyaje?" huzaa -likuwa -ki-. Ugumu ni kwamba msimulizi mwenyewe huliona swali la pili kuwa la kipuuzi. Mama wa miaka themanini na tano, akiulizwa na kijana wa chuo kikuu jinsi alivyokuwa akibeba kuni, hudhani anatiwa mzaha. Kwa hiyo wengi hujibu kwa muhtasari wa maadili: zamani watoto walikuwa na heshima, zamani chakula kilikuwa na nguvu. Jibu hilo si uongo, lakini si kumbukumbu. Ni hukumu iliyotolewa juu ya leo. Mtafiti akilipokea na kuondoka, amekusanya maoni.

Vitu husaidia. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la zamani la ofisi ya serikali, yana vibuyu, mawe ya kusagia, vyombo vya asali na mfano wa mji wa Kimeru. Mzee akishikishwa kitu, mikono hukumbuka kabla ya kinywa: huonyesha ukanda wa kuni ulikaa wapi kichwani, hupima kwa kiganja unene wa mzigo, na ndipo maneno hufuata, mengi yakiwa ya Kimeru yasiyo na kisawe katika Kiswahili sanifu. Maneno hayo yaandikwe yalivyo, pamoja na maelezo marefu iwezekanavyo, badala ya kulazimishwa kuwa "kikapu" au "chungu".

Na nafsi ya kitenzi iachwe kama ilivyotamkwa. Mama akisema "tulikuwa", aulizwe tulikuwa na nani: yupi alikaa mbele njiani, yupi nyuma, nani alijaza vyombo vya wengine, mnene wa kwanza kuchoka alikuwa yupi, njia ilipita kando ya mji wa nani, na ni nini kimejengwa juu yake sasa.